Nyimbo za wakimbizi: Jinsi zinavyodumu Arua na Koboko

Eneo la West Nile, kaskazini magharibi mwa Uganda, linapakana na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo na Sudan Kusini. Kwa zaidi ya karne moja watu wamevuka mipaka hiyo wakikimbia vita, nao wamevuka na nyimbo zao. Historia ya eneo hilo inaonyesha kwamba wimbo wa mgeni hudumu pale ambapo shughuli iliyouzaa imepata nafasi katika makazi mapya.

Wanubi na doluka

Mfano wa miaka mingi ni Wanubi wa Arua na Koboko. Mababu zao walikuwa askari kutoka Sudan waliomtumikia Emin Pasha, gavana wa jimbo la Equatoria tangu 1878. Vita vya Mahdi vilipokata njia ya Khartoum, Emin alihamishia makao yake Wadelai, kando ya Mto Nile, mwaka 1885. Vizazi vya askari hao vinazungumza Kinubi, lugha iliyotokana na Kiarabu, na doluka ingali inachezwa katika harusi zao. Nchini Sudan, dalluka ni jina la ngoma ya udongo inayopigwa na wanawake. Katiba ya Uganda ya 1995 inawataja Wanubi miongoni mwa jamii za asili za nchi hiyo.

Lugha inayovuka mipaka

Wilayani Koboko, mgeni na mwenyeji mara nyingi ni ndugu. Wakakwa wanaishi katika nchi zote tatu, na lugha yao ni ya kundi moja na Kibari, Kikuku na Kipojulu. Kwa hiyo, vita vya Sudan Kusini vilipoenea katika majimbo ya Equatoria baada ya Julai 2016, wengi waliovuka mpaka walikuja na nyimbo ambazo maneno yake hayakuwa mageni kwa wenyeji.

Wenyeji nao wanaujua ukimbizi. Baada ya Idi Amin kuondolewa madarakani mwaka 1979, watu wengi wa West Nile walikimbilia Zaire na kusini mwa Sudan, wakarejea katika miaka ya 1980. Leo makazi ya Lobule, wilayani Koboko, yanawahifadhi wakimbizi kutoka Kongo.

Wimbo bila fahali

Hali ni ngumu zaidi kwa Wadinka wanaoishi katika makazi ya Rhino Camp, yaliyo kwenye wilaya za Madi-Okollo na Terego, zilizomegwa kutoka Arua. Kwa desturi yao, kijana humtungia wimbo fahali wake, akiisifu rangi yake na umbo la pembe zake. Makazini, familia hupewa kipande kidogo cha ardhi kwa ajili ya nyumba na kilimo, ambacho hakitoshi kulisha kundi la ng'ombe. Mtoto aliyezaliwa huko anaweza kuyakariri maneno ya mzee wake, lakini hana fahali wa kumsifu.

Nyimbo za harusi, msiba na ibada zina nafasi kubwa zaidi, kwa kuwa shughuli hizo hazimwachi mtu hata ukimbizini. Adungu, ala ya nyuzi iliyoenea West Nile na kaskazini mwa Uganda, tayari husikika makanisani, na watoto wa wakimbizi husoma shule moja na wenzao wenyeji. Humo ndimo wimbo uliovuka mpaka unapoweza kupata waimbaji wapya.