Bekoni ya Mwingereza, supu ya barabarani

Januari 8, 1940, serikali ya Uingereza ilianza kuwapimia wananchi wake chakula kwa vitabu vya mgao. Vitu vitatu vilitangulia: siagi, sukari na bekoni. Watu waliozoea kuamka na kukuta vipande vya nyama ya nguruwe iliyotiwa chumvi vikichuruzika mafuta kikaangoni, na mayai pembeni, wakawa wanapewa gramu mia moja na kitu kwa wiki nzima. Vita viliisha mwaka 1945, mgao ukaendelea. Bekoni haikuachiwa huru hadi Julai 1954.

Njaa hiyo ya asubuhi ilikuja kwetu kwa treni, ikapitia Kilosa.

Mwaka 1946 Frank Samuel, mkuu wa kampuni ya United Africa Company, aliipelekea serikali ya chama cha Labour pendekezo la kulima karanga Afrika Mashariki ili Waingereza wapate mafuta ya kupikia na majarini ya kupaka mkate. Serikali ikakubali haraka. Ramani ilichorwa kwa kiasi cha ekari milioni 3.2, na kazi ikaanza mwaka 1947 Kongwa, upande wa magharibi wa milima ya Ukaguru. Trekta, katapila na hata vifaru vya vita vilivyogeuzwa kuwa mashine za shamba vilishushwa bandari ya Dar es Salaam, vikapakiwa kwenye mabehewa ya Reli ya Kati, vikapita Morogoro na Kilosa, vikashushwa Msagali. Mzee wa Kilosa aliyekuwa kijana wakati ule aliona kwa macho yake chuma kingi kuliko alichowahi kukiona maishani, kikienda kuhangaikia kikaango cha mtu aliye London.

Ardhi ya Kongwa haikukubali. Mvua ni chache, na udongo wake wa kiangazi hushikana mithili ya saruji. Mibuyu na vichaka vikang'ang'ania, majembe yakavunjika meno. Januari 1951 serikali ya Uingereza ilitangaza kuuacha mradi, ikiwa imepoteza pauni milioni 36. Simulizi hii hutolewa mara nyingi kama funzo la mipango mibovu, na ni kweli ilikuwa mibovu. Kinachonigusa zaidi ni chanzo chake. Nchi moja ilikosa kifungua kinywa ilichokizoea, na kwa ajili hiyo msitu wa nchi nyingine ukafyekwa.

Tena haikuwa mara ya kwanza kwa watu wa njia hii kubebeshwa asubuhi ya wengine.

Mamboya iko kwenye vilima vya Ukaguru, ndani ya Wilaya ya Kilosa, kati ya Dumila na Gairo. Leo msafiri wa basi la Dodoma anaweza kupita karibu nayo bila kujua kama kuna kitu hapo. Katika miaka ya 1880 jina lake liliandikwa kwenye ramani za London. Misafara iliyotoka Saadani na Bagamoyo kwenda Mpwapwa, Tabora na Ujiji ilipita Ukaguru, na wamishonari wa Kianglikana wa CMS, waliokwisha kutia mguu Mpwapwa, wakafungua kituo Mamboya. Joseph Thomas Last aliishi hapo mwanzoni mwa miaka hiyo, akajifunza Kikaguru, na mwaka 1886 sarufi yake ya lugha hiyo ikachapishwa Uingereza. James Hannington, ambaye baadaye alifanywa askofu na kuuawa Busoga mwaka 1885, alipita Mamboya mwaka 1882 akielekea Ziwa Victoria.

Chai, sukari, unga wa ngano, nyama ya makopo, kila alichokitaka Mzungu mezani pake asubuhi kilipanda vilima vile kichwani au begani mwa mpagazi. Wanyama wa kukokota hawakufaa. Mwaka 1876 Roger Price wa misheni ya London alijaribu njia ya Saadani hadi Mpwapwa kwa ng'ombe akarudi na matumaini makubwa. Mwaka uliofuata magari ya kukokotwa yalipoletwa, mbung'o wakawamaliza ng'ombe njiani. Mzigo ukarudi kwa binadamu, kilo 30 kwa mtu mmoja, pengine zaidi.

Na mpagazi mwenyewe alikula nini? Posho yake ilikuwa kibaba cha nafaka kwa siku, kama gramu 700 hivi, mtama au mahindi, kinunuliwacho njiani kwa vitambaa na shanga. Safari iling'oa hema kabla jua halijachomoza ili kilometa ziishe kabla ya mchana kuwa mkali. Hapakuwa na wakati wa kukoka moto na kusonga. Aliyebakiza ugali wa jana alikula kiporo huku anafunga mzigo, asiyebakiza alikaza mkanda. Chungu kilibandikwa kambini, mchana au jioni. Wakaguru wenyewe, wakulima wa mtama, uwele na mahindi, nao walikwenda shamba alfajiri, na chakula kizito cha siku kilikuwa cha jioni, watu wamerudi, kuni zipo, maji yamechotwa. Huo mpango ulikuwa na akili yake. Anayelima peke yake huamua mwenyewe saa ya kupumzika na saa ya kuchoma hindi.

Saa ya kula ilibadilika pale watu walipoanza kupigiwa kengele. Reli ilifika Morogoro mwaka 1907, ikaendelea kupitia Kilosa hadi Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Mkonge, ambao Mjerumani Richard Hindorf aliuingiza nchini mwaka 1893, ukaenea bonde la Kilosa: Kimamba, Rudewa, na Msowero, kule kwa Chifu Mangungo ambaye kila mwanafunzi wa Tanzania amemsoma. Manamba waliletwa kutoka mbali kukata mkonge kwa hesabu ya kazi ya siku. Mtu wa namna hiyo hawezi kungoja ugali wa jioni. Anahitaji kitu cha moto tumboni kabla ya jua, na anahitaji sukari.

Chai ikaja kumwokoa. Wajerumani waliijaribu Amani mwaka 1902, na tangu miaka ya 1920 mashamba ya biashara yakapandwa Usambara na Mufindi. Sukari nayo ikapata kwao Kilosa yenyewe: Kampuni ya Sukari ya Kilombero, iliyoanza uzalishaji miaka ya mwanzo ya uhuru, ina kiwanda upande wa Ruhembe, tarafa ya Mikumi, mbali na kile cha Msolwa ng'ambo ya Mto Ruaha. Kikombe cha chai ya rangi na andazi, au muhogo wa kuchemsha, vikawa chakula cha asubuhi cha nchi nzima. Uliza leo Dumila au Kilosa mjini kama mtu amekula asubuhi, utamsikia akisema amekunywa chai, hata kama alikula chapati tatu.

Turudi kwa bekoni. Nguruwe wa kufugwa alikuja bara pamoja na wamishonari na walowezi. Huko Kenya walowezi walianzisha kiwanda cha bekoni pale Uplands, karibu na Limuru, mwanzoni mwa karne ya 20, na kwa miongo mingi bekoni na soseji za hotelini na majumbani mwa walowezi zilitoka huko. Walioipika walikuwa wapishi Waafrika, ambao wengi hawakuwahi kuila kwao. Wake wa walowezi walitungiwa vitabu vya mapishi vyenye maelekezo ya Kiswahili ili wajue namna ya kumwagiza mpishi.

Septemba 1947, mwezi uleule ambapo makuli wa bandari ya Dar es Salaam waligoma na mgomo wao ukasambaa bara kufuata reli, wafanyakazi wa kiwanda cha Uplands nao waligoma. Kiongozi wa vyama vya wafanyakazi, Chege Kibachia, alikuwa amekamatwa wiki chache kabla. Polisi walifyatua risasi getini na watu watatu wakafa. Watu watatu, kwenye lango la kiwanda cha nyama ya asubuhi. Nadhani majina yao yalistahili kujulikana kwa watoto wa shule kama anavyojulikana Mangungo.

Kulikuwa na adui aliyemzuia nguruwe kuenea, na huyo anahusu Mikumi moja kwa moja. Walowezi wa Kenya waliona nguruwe wao kutoka Ulaya wanakufa kwa makundi, ngozi zimegeuka nyekundu masikioni na tumboni, homa kali, na ndani ya siku chache zizi zima tupu. Mwaka 1921 daktari wa mifugo R. Eustace Montgomery alichapisha uchunguzi wake: ni ugonjwa wa virusi, tofauti na homa ya nguruwe ya Ulaya, na ngiri anao bila kuugua. Baadaye ikajulikana kwamba kupe laini wanaoishi kwenye mashimo ya ngiri ndio wanaoutunza. Yule ngiri ambaye watalii humpiga picha Hifadhi ya Mikumi akikimbia mkia wima anaishi na virusi hivyo kwa amani. Nguruwe wa zizini akikutana navyo, mara nyingi hufa. Ndiyo maana mfugaji wa Kilosa hushauriwa asimwachie nguruwe azurure na asimlishe mabaki ya nyama ya nguruwe. Virusi hukaa muda mrefu hata kwenye nyama iliyotiwa chumvi, bekoni ikiwamo. Tiba haipo. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro, wamekuwa wakivichunguza virusi hivi kwa vipimo vya vinasaba milipuko inapotokea.

Pamoja na hayo yote, nyama ya nguruwe ilishuka kutoka meza ya mlowezi ikaingia mtaani, ikapata jina la kitimoto. Haikufuata njia ya bekoni hata kidogo. Hukatwa vipande, huchemka kwenye mafuta yake yenyewe mpaka ukoko uwe wa kahawia, kisha huletwa kwenye sinia na ndizi, kachumbari, limao na pilipili. Watu huila mchana na jioni, wakiwa na wenzao. Safari yake nayo ilikuwa na machungu: Aprili 1993 mabucha ya nguruwe yalishambuliwa jijini Dar es Salaam, na nchi ilitetemeka kwa hofu ya kugawanyika kwa dini. Tangu hapo mabucha na mabanda ya nguruwe yamejifunza kukaa kando kwa staha, na majirani Waislamu wamejifunza kupita. Mimi nauona ustaarabu huo kuwa mkubwa.

Huo ndio mzizi wa kinacholiwa hapa asubuhi. Kilosa ni wilaya ya Waislamu na Wakristo wanaokaa ukuta kwa ukuta. Stendi ya Dumila, saa kumi na mbili, wanakaa benchi moja dereva wa lori la vitunguu, mama anayekwenda kliniki Berega, mwalimu na wapiga debe. Chakula kizito cha benchi hilo ni lazima kiwe halali kwa wote. Supu ndiyo iliyoshinda. Makongoro au mbavu za ng'ombe huinjikwa usiku, moto mdogo, tangawizi na kitunguu saumu, chumvi inawekwa mwishoni. Alfajiri mchuzi umeshika rangi na mfupa unaachia nyama ukiugusa kwa kijiko. Unaletewa bakuli, limao lililokatwa nusu, pilipili mbuzi nzima, chapati mbili zilizokunjwa. Aliyekula hivyo saa kumi na mbili anafika Dodoma bila kuuliza mahindi ya dirishani.

Sisemi kwamba bekoni ni chakula kibaya. Ni chakula kitamu sana, na hata huko iliko kwao nafasi yake mezani ilipiganiwa. Wamarekani wa miaka ya 1920 walikuwa wanaelekea kwenye asubuhi nyepesi ya kahawa na mkate, hadi kampuni ya nyama ya Beech-Nut ilipomwajiri Edward Bernays, bingwa wa matangazo. Yeye aliwafanya madaktari waseme hadharani kwamba kifungua kinywa kizito kinajenga mwili, magazeti yakaandika, mauzo ya bekoni yakapanda. Denmark ilijenga viwanda vya ushirika vya bekoni kuanzia mwaka 1887, Ujerumani ilipofunga mpaka wake kwa nguruwe hai, na wakulima wake wakapata soko Uingereza. Ushirika huo ndio ungetufaa kuuiga.

Maana ujuzi wenyewe wa kuhifadhi nyama si mgeni. Chumvi ya Uvinza ilisafiri na misafara, na kubanika nyama au samaki juu ya moshi ni kazi ambayo kila bibi wa bonde la Kilombero anaijua. Kwa kilo moja ya nyama ya tumbo la nguruwe, yenye mistari ya mafuta, unahitaji kama gramu 25 za chumvi na nusu yake sukari, ya Ruhembe ipo. Ladha tunazo karibu: pilipili manga na mdalasini wa Uluguru, tangawizi, asali ya misitu ya miombo. Paka kila upande, funga, weka kwenye friji siku saba ukiigeuza kila siku, kisha osha, futa, ianike ikauke juu na uifukizie moshi wa kuni ngumu usiotoa mwali. Bila nitriti, ile chumvi maalumu ya kuhifadhia nyama, itakuwa ya kijivu badala ya waridi, na haitadumu sana. Anayetaka kuitia ainunue kwa wauzaji wa viungo vya viwandani na kuipima kwa mizani, kwa kuwa ikizidi ni sumu. Na ikaangwe hadi iive kabisa, kutoka kwa nguruwe aliyepigwa muhuri na mkaguzi wa nyama, kwa ajili ya minyoo ya tegu.

Kikwazo ni friji. Mchinjaji wa kijijini Ukaguru huuza nyama yote siku ileile kwa sababu hana pa kuilaza, na sehemu ya tumbo, ambayo ingekuwa bekoni, inakatwa pamoja na nyingine na kuingia kikaangoni kabla jua halijatua. Hoteli za watalii Mikumi huhitaji bekoni kila asubuhi. Chumba kimoja cha baridi pale Dumila, cha ushirika wa wafugaji, na mkaguzi anayefika kwa wakati, vingetosha kuanza.