Mishindo ya Mteremko wa Lushoto

Barabara inayoshuka kutoka Lushoto kuja Mombo ina kilomita zipatazo 33, na ndani yake msafiri anateremka karibu mita 1,000. Wajerumani ndio walioichonga ubavuni mwa Usambara, siku ambazo Lushoto iliitwa Wilhelmstal na reli ya kutoka Tanga ilikuwa imeshafika Mombo, mwaka 1905. Mimi ni fundi pikipiki hapa Mombo, na sijaona kipimo cha injini ya kabureta kinachoushinda mteremko huo. Dereva akifika Soni anaachia mafuta, anaweka gia ya pili au ya tatu, anaifanya injini iwe breki yake. Hapo pikipiki yenye kasoro hujitangaza yenyewe: pa, papa, pa, kwenye ekzosi, kona baada ya kona.

Vijana wanaojifunza kazi hii siku hizi wanauchukulia mshindo huo kama ugonjwa mmoja wenye dawa moja, nayo ni kufungua kabureta. Wanakosea, na wanaharibu kabureta nyingi nzima. Mshindo huu una historia ndefu, na asiyeijua anatafuta kasoro pasipo na kitu.

Mzee aliyenifundisha kazi hakuwa na shida na mishindo. Pikipiki alizozitengeneza nyingi zilikuwa Yamaha na Suzuki za kuchanganya oili na petroli, zilizopandishwa mlimani na mabwana shamba, watu wa chanjo na mapadri. Hofu yake ilikuwa nyingine. Injini ya aina hiyo inapata oili yake ndani ya petroli, kwa hiyo dereva akifunga mafuta kwa muda mrefu mteremkoni, pistoni inazunguka kwa kasi huku oili ikiingia kidogo mno. Matokeo yake ni kujamu. Kila dereva aliagizwa hivi: shika klachi, vuta mafuta kidogo, achia, uendelee. Wazee wa hapa hufanya hivyo hadi leo hata wakiendesha pikipiki yenye oili yake chini kwenye injini, ambayo haihitaji kabisa.

Zilipokuja Honda zenye valvu, mteremko ukaanza kusema kwa sauti nyingine. Ukifunga mafuta injini ikiwa bado inazungushwa na tairi, pistoni inavuta kwa nguvu kwenye njia iliyozibwa. Kinachopita ni hewa kidogo na petroli kidogo, tena vinachanganyika na moshi uliobaki ndani ya silinda. Plagi inatoa cheche, lakini mara nyingine mchanganyiko haushiki moto. Petroli hiyo mbichi inasukumwa hadi kwenye bomba la ekzosi lenye joto kali. Ikikutana huko na hewa safi, inalipuka. Mshindo wenyewe, basi, uko nje ya silinda, na hewa iliyousaidia mara nyingi imeingia kwenye tundu ambalo hakuna aliyelitazama.

Sasa, kwa nini pikipiki za zamani zaidi zilinguruma tu taratibu, na hizi zilizofuata zikawa na mshindo mkali? Jibu liko Marekani. Mwaka 1970 nchi hiyo ilitunga sheria kali ya hewa safi, na pikipiki za mwaka 1978 zikawa za kwanza kubanwa nayo. Kufikia zile za mwaka 1980, pikipiki mpya haikuruhusiwa kutoa zaidi ya gramu 5 za petroli isiyoungua na gramu 12 za kaboni monoksaidi kwa kila kilomita. Wajapani walitaka kuendelea kuuza huko, kwa hiyo walipunguza petroli kwenye jeti ndogo, ile inayolisha injini ikiwa kwenye sailensa na mafuta yakiwa yamefungwa. Skrubu ya kurekebishia mchanganyiko wakaiwekea kizuizi au kizibo ili mtu asiiguse. Injini zikawa safi zaidi, na zikaanza kulipua ekzosi kila dereva alipoachia mafuta.

Dawa waliyoibuni naipenda sana, na nasikitika kwamba mafundi wachache wanaijua. Ubavuni mwa kabureta waliweka kijumba kidogo chenye mpira mwembamba na springi. Dereva akifunga mafuta kwa kasi, mvuto wa injini unauvuta mpira huo, nao unaziba tundu la hewa la jeti ndogo. Hewa inapungua, petroli inaongezeka kwa muda mfupi, mchanganyiko unashika moto ndani ya silinda, kimya. Honda waliweka kifaa hicho kwenye CX500 na baadaye kwenye NX650. Kawasaki za mwanzo wa miaka ya 1980 zilikuwa na mfumo wa kupeleka hewa safi kwenye ekzosi ili petroli iliyobaki iungulie huko, na ilibidi ziwekewe valvu ya kuikata hewa hiyo wakati wa kushuka, kwani bila hivyo ekzosi ingelipuka mfululizo.

Niliwahi kuletewa pikipiki kubwa ya silinda moja, ya mgeni aliyekuwa akizunguka Afrika, inapasua masikio tangu Soni. Alikuwa ameshabadilisha plagi na kusafisha kabureta njiani. Nilipofungua kile kijumba nikakuta mpira umechanika ufa mdogo usioonekana mpaka uunyooshe kwenye mwanga. Umri tu, mpira unazeeka. Wa kubadilishia haukuwepo hapa wala Tanga, ikabidi auagize kutoka kwao.

Pikipiki za aina hiyo kwetu ni chache. Iliyoijaza nchi yetu ni uzao wa Honda CG125, iliyotoka katikati ya miaka ya 1970 kwa ajili ya nchi ambako mzigo ni mzito na oili inachelewa kubadilishwa. Ina silinda moja, valvu zinasukumwa kwa fimbo, na nafasi ya tapeti ni milimita 0.08. Mwaka 1976 ilianza kuundwa Manaus, Brazili, na baadaye Wachina wakaiiga kwa majina yasiyohesabika. Kenya ilipoondoa kodi kwa pikipiki ndogo mwaka 2008, na Tanzania ilipotoa kanuni za leseni za bodaboda mwaka 2010, injini hiyo ikawa ndiyo shule ya fundi wa Afrika Mashariki. Kabureta yake ni nyepesi kueleweka. Haina kijumba cha mpira, kwa hiyo ikipiga mishindo sababu zake zinahesabika.

Mlima wetu una sababu yake ya ziada. Hewa ya Lushoto ni nyepesi kuliko ya huku chini, hivyo pikipiki iliyorekebishwa Tanga ikipanda inakuwa na mafuta mengi, inatoa moshi mweusi na kuishiwa nguvu. Fundi wa juu anapunguza petroli mpaka inatulia, naye amefanya kazi yake vizuri. Pikipiki ile ile ikishuka na magunia ya kabichi hadi Mombo inakutana na hewa nzito, mafuta yanakuwa haba, mishindo inaanza. Ugomvi wa miaka mingi kati ya mafundi wa juu na wa chini, kila mmoja akimwita mwenzake mbabaishaji, chanzo chake ni hiki.

Halafu ipo desturi ya kuzima swichi mteremkoni ili kuokoa petroli. Petroli haiokolewi. Tairi bado linaizungusha injini, kabureta bado inatoa, na ekzosi inajaa petroli mbichi. Dereva anapowasha tena kabla ya kona inayofuata, cheche ya kwanza inailipua yote. Nimeunganisha kwa kuchomelea ekzosi nyingi zilizopasuka kwa mtindo huo. Wanaotoboa ekzosi ili iwe na kelele za mashindano wanaongeza tatizo vilevile.

Kwa hiyo kijana, ukiletewa pikipiki ya kabureta inayolipuka ikiachiwa mafuta, acha bisibisi kwanza. Tazama pale bomba linapoingia kwenye silinda. Ukiona masizi meusi yametapakaa, ringi ya gasketi imekufa. Iwashe ikiwa baridi, paka maji ya sabuni kwenye maungio, angalia mapovu. Kisha kagua mpira unaoshika kabureta kwenye injini, kama una nyufa. Kisha pima tapeti. Baada ya hapo iendeshe mteremkoni huku umevuta choki kidogo: mishindo ikipungua, petroli ndiyo haba, na sasa una ruhusa ya kuigusa kabureta. Safisha jeti ndogo kwa petroli na upepo. Skrubu ikiwa upande wa chujio la hewa, kuifunga kunaongeza mafuta. Ikiwa upande wa injini, kuifungua ndiko kunakoongeza. Izungushe robo kwa robo na uandike ulipoanzia. Usipanue jeti kwa waya wa breki. Tundu lile lilipimwa kiwandani, na likishapanuka hakuna fundi wa Mombo wala wa Lushoto atakayelirudisha.