Ukiona Vyaelea, Vimeundwa: Historia ya Sosi ya Kranberi na Jozi nchini Marekani

Utangulizi

Kila Alhamisi ya nne ya mwezi wa Novemba, familia nyingi nchini Marekani huketi pamoja kuadhimisha Sikukuu ya Shukrani. Chakula kikuu huwa ni bata mzinga aliyeokwa, na kando yake huwekwa bakuli la sosi nyekundu, nzito kama jamu, iliyopikwa kwa tunda dogo lenye ukali mwingi liitwalo kranberi. Baadhi ya wapishi huchanganya sosi hiyo na jozi zilizokatwakatwa. Jozi inayozungumziwa hapa si ile ya viatu. Ni kokwa ya mti wa mjozi, yenye gamba gumu na nyama iliyojikunjakunja kama ubongo. Jina lake Kiswahili kimelipata kutoka Kiarabu.

Simulizi iliyozoeleka, ambayo watoto wengi wa Marekani hufundishwa shuleni, ni kwamba mlo huo umerithiwa moja kwa moja kutoka kwa walowezi wa Kiingereza waliokula pamoja na wenyeji huko Plymouth mwaka 1621. Insha hii inajenga hoja tofauti. Inadai kuwa sosi ya kranberi na jozi haikuzaliwa siku moja wala kwa mikono ya watu wa aina moja. Iliundwa kidogokidogo na wenyeji wa asili, na Waafrika waliotumikishwa katika mashamba ya miwa ya Karibi, na wahamiaji kutoka visiwa vya Cabo Verde, na wakulima wa California. Simulizi ya mwaka 1621 inawasahau karibu wote. Waswahili husema, ukiona vyaelea, vimeundwa. Tujiulize basi waliounda ni akina nani.

Mwaka 1621 na ushahidi wake

Mwanahistoria huanza na ushahidi. Kuhusu mlo wa Plymouth, ushahidi mkuu ni barua ya mlowezi Edward Winslow iliyochapishwa London mwaka 1622. Winslow anaeleza kuwa watu wanne walitumwa kuwinda ndege, kwamba kiongozi wa Wawampanoag, Massasoit, alifika na watu wake wapatao 90, na kwamba wageni hao walileta kulungu watano. Barua haitaji kranberi wala jozi wala sosi ya aina yoyote.

Hata hivyo, ukimya wa barua haumaanishi kwamba tunda hilo halikujulikana. Kranberi ni mmea wa asili wa kaskazini mashariki mwa Amerika. Hutambaa ardhini katika vinamasi vyenye mchanga na udongo wa tindikali. Wenyeji walilitumia kwa chakula, dawa na rangi ya nguo, na walikuwa wakilitwanga pamoja na nyama iliyokaushwa na mafuta ili kupata chakula cha safari kisichooza upesi. Walijua pia miti ya jozi ya kwao, ikiwemo jozi nyeusi, na walizitwanga na kuzichemsha ili kupata mafuta. Kwa hiyo wa kwanza kupika kwa matunda haya hawakuwa walowezi. Jina cranberry ndilo la walowezi: inasemekana walilifananisha ua la mmea huo na kichwa cha korongo, wakaliita beri ya korongo.

Kilichokosekana mwaka 1621 ni sukari. Kranberi mbichi ina ukali unaokaribia ule wa ukwaju, pamoja na uchungu kidogo. Bila sukari nyingi haiwezi kuwa sosi kama ile inayojulikana leo, na walowezi wale, ambao nusu yao walikuwa wamekufa katika majira ya baridi yaliyotangulia, hawakuwa na akiba ya sukari ya kuchemshia matunda.

Sukari ilitoka wapi?

Maelezo ya awali kabisa ya sosi yenyewe yanapatikana nusu karne baadaye. Mwaka 1672 msafiri Mwingereza John Josselyn alichapisha kitabu kuhusu mimea na wanyama wa New England, na humo akaandika kuwa wenyeji na Waingereza walichemsha kranberi kwa sukari na kuila pamoja na nyama. Kati ya mwaka 1621 na 1672 kulitokea nini?

Jibu liko katika bahari. Kuanzia miaka ya 1640, kisiwa cha Barbados kiligeuzwa kuwa shamba kubwa la miwa, na wafanyakazi wake walikuwa Waafrika waliotekwa na kuuzwa utumwani. Wafanyabiashara wa New England walipeleka Karibi samaki wa chumvi, mbao, farasi na nafaka, nao wakarudi na sukari na molasi. Samaki wa daraja la chini kabisa ndio waliolishwa watumwa. Kwa njia hiyo tunda la kinamasi cha kaskazini lilikutana na utamu uliotoka kwenye shamba la watumwa. Sosi hii huitwa chakula cha Kimarekani halisi, lakini tangu ilipoandikwa mara ya kwanza ilikuwa tayari na jasho la Waafrika ndani yake.

Mwaka 1796 Amelia Simmons alichapisha huko Hartford, Connecticut, kitabu kinachohesabiwa kuwa cha kwanza cha mapishi kilichoandikwa na Mmarekani. Humo anashauri bata mzinga wa kuoka aandaliwe pamoja na vitunguu vya kuchemsha na sosi ya kranberi. Ndoa ya bata mzinga na kranberi ilikuwa imefungwa, ingawa sikukuu yenyewe ilikuwa bado ya majimbo machache. Ni mhariri Sarah Josepha Hale aliyefanya kampeni kwa miaka mingi ili iwe ya taifa zima, na Rais Abraham Lincoln alipotoa tangazo lake tarehe 3 Oktoba 1863, katikati ya vita vya wenyewe kwa wenyewe, mlo wa New England ukawa mlo wa nchi.

Kutoka kinamasi hadi shamba

Taifa zima likitaka tunda moja kwa siku moja, matunda ya porini hayatoshi. Kilimo kilikuwa kimeanza mwaka 1816 huko Dennis, katika rasi ya Cape Cod. Henry Hall, aliyewahi kuwa mwanajeshi katika vita vya uhuru, aliona kuwa mahali ambapo upepo ulipeperusha mchanga na kuufunika mmea, kranberi zilizaa zaidi. Akaanza kuweka mchanga kwa makusudi. Jirani zake wakamwiga, na vinamasi vya Massachusetts na New Jersey vikageuzwa kuwa mashamba.

Lakini nani avune? Kazi ilikuwa ya kupiga magoti kutwa nzima katika ubaridi wa Septemba na Oktoba, kwa mikono mitupu au kwa kifaa cha mbao chenye meno kama kitana. Malipo yalikuwa kwa kipimo cha matunda yaliyochumwa. Mwanzoni walivuna majirani, kisha wahamiaji kutoka Ufini na Italia. Kufikia mwanzo wa karne ya 20, wavunaji wengi wa kusini mashariki mwa Massachusetts walikuwa watu wa Cabo Verde, visiwa vya Afrika Magharibi vilivyokuwa chini ya Ureno. Wa kwanza wao walifika New Bedford kama mabaharia wa meli za kuwinda nyangumi. Wengine wakawafuata kwa sababu ya ukame na njaa zilizovikumba visiwa vyao mara kwa mara.

Kumbukumbu za wakati ule ziliwaandika kwa namna ya kuwaficha. Mara waliitwa Wareno kwa sababu ya pasipoti zao, mara waliitwa Wabrava kwa jina la kisiwa kimoja tu kati ya visiwa vyao. Mwanafunzi anayetafuta neno "Mwafrika" katika karatasi hizo anaweza kuwapita bila kuwaona. Picha zinasaidia. Lewis Hine, aliyepiga picha kwa ajili ya kampeni dhidi ya ajira ya watoto, alipita katika mashamba ya New Jersey mwaka 1910 na ya Massachusetts mwaka 1911. Picha zake zinaonyesha watoto wadogo wakichuma na kubeba kranberi pamoja na wazazi wao.

Wavunaji hawakuwa watu wa kunyamaza tu. Mwaka 1933 waligoma katika eneo la Wareham, wakidai malipo bora na kutambuliwa kwa chama chao cha wafanyakazi. Watu wa Cabo Verde walikuwa mstari wa mbele. Polisi waliingilia kati, baadhi ya wagomaji wakakamatwa, na mgomo ukavunjwa kabla msimu haujaisha. Kwa wenye mashamba yale yalikuwa mavuno yaliyookolewa. Kwa wavunaji ilimaanisha kurudi shambani kwa masharti ya mwajiri.

Kopo na ushirika

Mwaka 1912, mwanasheria na mkulima Marcus Urann alianza kuweka sosi ya kranberi katika makopo huko Hanson, Massachusetts. Nia yake ilikuwa kutumia matunda yaliyochubuka, ambayo yasingeuzika mabichi. Mwaka 1930 aliungana na wasindikaji wengine wawili, John Makepeace na Elizabeth Lee, wakaunda chama cha ushirika ambacho leo kinajulikana kwa jina la Ocean Spray. Msimu wa majuma machache ukageuka kuwa bidhaa ya mwaka mzima.

Mwaka huohuo wa 1912, upande wa pili wa bara, wakulima wa California walianzisha ushirika wao wa jozi. Jozi hizo hazikuwa zile nyeusi za wenyeji. Zilikuwa jozi za Uajemi, zenye gamba jembamba zaidi, ambazo mapadri wa Kihispania walizipanda California mwishoni mwa karne ya 18. Reli ikazifikisha mashariki. Jozi huvunwa majira ya vuli, majira yaleyale ya kranberi, kwa hiyo zote mbili zilifika dukani zikiwa mpya wakati wa kuandaa Sikukuu ya Shukrani. Soko ndilo lililozikutanisha.

Kwa nini zinapatana

Soko peke yake halilazimishi vyakula vipatane. Sababu nyingine iko sufuriani. Kipimo cha kawaida cha sosi hii ni gramu 340 za kranberi, kikombe kimoja cha sukari na kikombe kimoja cha maji. Maji na sukari vikichemka, kranberi hutiwa. Baada ya dakika chache maganda hupasuka kwa mlio, na pektini iliyo ndani ya tunda huifanya sosi igande inapopoa, bila unga wowote. Jozi hukaangwa kidogo bila mafuta, hukatwa, na kutiwa mwishoni moto ukishazimwa, maana zikichemka sana hulainika na kupoteza utamu wa kutafunika. Zaidi ya nusu ya uzito wa jozi ni mafuta. Mafuta hayo hutuliza ukali wa tunda, na ukali wa tunda hukata uzito wa mafuta.

Kanuni hii ni kongwe kuliko Marekani. Nchini Iran, jozi zilizosagwa hupikwa taratibu na maji mazito ya komamanga hadi mafuta yaelee juu, kisha huliwa na bata au kuku. Chakula hicho huitwa fesenjan. Nchini Georgia, satsivi ni nyama ya bata mzinga au kuku katika mchuzi mzito wa jozi uliotiwa siki, na huliwa hasa Mwaka Mpya. Bata mzinga ni ndege wa Amerika, naye alisafiri hadi Georgia kukutana na jozi, kama jozi ilivyosafiri hadi Amerika kukutana na kranberi. Sisi tuliokulia Uganda tunaelewa upesi. Karanga za mchuzi wetu wa binyebwa nazo zina asili ya Amerika Kusini, lakini hakuna anayesita kuuita mchuzi wa nyumbani. Chakula huwa cha watu kwa jinsi wanavyokipika, na kukubali hilo hakutudai tufute njia kilikopitia.

Hofu ya mwaka 1959

Tarehe 9 Novemba 1959, zikiwa zimebaki siku 17 kabla ya sikukuu, Waziri wa Afya Arthur Flemming alitangaza kuwa baadhi ya kranberi za Oregon na Washington zilikutwa na dawa ya kuua magugu iliyosababisha saratani kwa panya wa maabara. Maduka yaliziondoa. Hata Ikulu ya Marekani iliandaa sosi ya tofaa badala yake. Wakulima walipata hasara kubwa na baadaye serikali ikawalipa fidia.

Tukio hilo liliwafundisha wakulima hatari ya kutegemea siku moja ya mwaka. Wakasukuma mbele maji ya kranberi, na baadaye kranberi zilizokaushwa kwa sukari, ambazo leo huuzwa pamoja na jozi kwa ajili ya mikate, saladi na sosi za nyama. Uvunaji nao ulibadilika. Mashamba hujazwa maji, mashine huyatikisa matunda, nayo huelea kwa sababu yana hewa ndani. Picha ya ziwa jekundu ndiyo inayotumika katika matangazo. Magoti ya wavunaji wa Cabo Verde hayamo katika picha hiyo.

Hitimisho

Insha hii imeonyesha kuwa sosi ya kranberi na jozi haikutokana na mlo mmoja wa mwaka 1621. Wenyeji walilijua tunda. Watumwa wa Karibi walitoa sukari. Wanawake kama Simmons na Hale waliipa nafasi mezani na katika kalenda. Watu wa Cabo Verde waliivuna na kuidai haki yao, na wakulima wa California wakaleta jozi. Tofauti kati ya simulizi na historia iko hapo: simulizi huchagua mgeni wa heshima mmoja, na historia huwaita wote waliopika. Kwetu sisi tunaosoma Kiswahili katika nchi jirani, ambako vyakula vingi vya kila siku vina safari za namna hiyo, kazi iliyobaki ni kuuliza maswali hayohayo kuhusu sufuria zetu: tunda limetoka wapi, sukari ilitoka kwa nani, na aliyevuna alilipwa kiasi gani.