Nafasi ya Ubaruku: Wenye Mali na Wenye Timu katika Kandanda ya Nyanda za Juu Kusini

Tarehe 29 Novemba 2022, katika uwanja wa Highland Estates ulioko Ubaruku, wilayani Mbarali, timu ya Ihefu iliifunga Yanga mabao 2 kwa 1. Yanga ilikuwa imecheza mechi 49 za Ligi Kuu bila kufungwa na yeyote, si Simba wala Azam. Aliyeikomesha ni timu ya mji mdogo wa wakulima wa mpunga, iliyojipa jina la bonde oevu la Ihefu katika Usangu, ambako Ruaha Mkuu hupata maji yake. Mashabiki waliiita Mbogo Maji. Tarehe 4 Oktoba 2023 Yanga ikarudi Ubaruku, ikafungwa tena, na kwa mabao yaleyale.

Miezi michache baadaye Ubaruku haikuwa na timu. Umiliki ulibadilika, na katikati ya msimu wa 2023/24 Ihefu ikahamishiwa Singida, ikawa inacheza nyumbani katika uwanja wa Liti. Wachezaji kadhaa wa Singida Fountain Gate wakahamia humo, nayo Fountain Gate ikaondoka Singida. Kabla ya msimu wa 2024/25 kuanza, jina nalo likafutwa, na klabu ikaitwa Singida Black Stars. Mbogo Maji wakawa Walima Alizeti. Bonde la Ihefu liko palepale lilipokuwa. Kilichosafiri ni nafasi katika ligi.

Neno hilo, nafasi, lastahili kuangaliwa kwa makini, maana ndilo lililonunuliwa. Mtu anunuapo shamba hupata ardhi, na anunuapo duka hupata bidhaa. Anunuaye klabu ndogo ya Tanzania hapati uwanja, kwa kuwa viwanja vingi ni vya Chama cha Mapinduzi, vya halmashauri au vya watu wengine. Wachezaji nao mikataba yao ni mifupi. Kitu cha thamani kinachobaki ni haki ya kucheza katika daraja fulani, na haki hiyo haina mizizi ardhini. Kuipata kwa kupanda ngazi kuanzia ligi ya mkoa huchukua miaka mingi na fedha nyingi za nauli, posho na malazi. Kuinunua ni njia ya mkato. Basi si ajabu kwamba wenye fedha huipendelea. Ajabu ni kwamba wale waliojaza uwanja na kuimba mvuani hawana sauti yoyote siku ya mauzo.

Yafaa ikumbukwe kwamba Mbeya imekwisha kujaribu karibu kila namna ya umiliki. Mwaka 1986 Tukuyu Stars, timu ya wilaya ya Rungwe, ilitwaa ubingwa wa Tanzania Bara mbele ya vigogo wa Dar es Salaam, jambo ambalo wazee wa huko hulisimulia hadi leo. Ubingwa huo haukudumu, wala timu yenyewe haikudumu katika daraja la juu. Wachezaji wazuri huitwa na fedha, na fedha zilikuwa Pwani. Mecco ya Mbeya ilikuwa timu ya shirika la ujenzi la umma. Timu za namna hiyo zilikula katika sahani ya shirika, na mashirika yalipobinafsishwa katika miaka ya 1990, sahani ikaondolewa mezani. Iliyodumu ni Prisons, bingwa wa Muungano wa mwaka 1999. Siri yake haifichiki: mwajiri wake ni Jeshi la Magereza, ambalo halifilisiki wala halinunuliwi. Timu hiyo haijawahi kuwa tajiri, lakini mishahara ya askari hutoka mwisho wa mwezi, washinde wasishinde.

Namna nyingine ni ya Mbeya City, iliyoundwa mwaka 2011 chini ya Halmashauri ya Jiji. Ilipanda Ligi Kuu msimu wa 2013/14, na chini ya kocha Juma Mwambusi ikamaliza ya tatu katika msimu wake wa kwanza, juu ya Simba. Jiji zima lilivaa zambarau. Lakini fedha za halmashauri zina wenyewe wengi: shilingi inayomlipa mlinda mlango ndiyo ileile inayodaiwa na dawati la shule na dawa ya zahanati, na diwani anayehoji matumizi hayo hana kosa. Mwaka 2023 Wagonga Nyundo walishuka daraja walipofungwa na Mashujaa ya Kigoma, timu ya jeshi.

Iringa nayo ilipata funzo lake kwa njia tofauti. Lipuli ilirudi Ligi Kuu msimu wa 2017/18. Msimu wa 2018/19 ligi nzima ilianza bila mdhamini mkuu, na klabu ndogo zikasafiri kwa kukopa. Hata hivyo Wanapaluhengo walifika fainali ya Kombe la Shirikisho mwaka huo, wakafungwa bao 1 kwa 0 na Azam mjini Lindi. Azam ni mali ya Bakhresa, naye ndiye mwenye kituo cha televisheni kionyeshacho mechi hizo. Mwaka 2020 Lipuli ikashuka, na hadi msimu wa 2025/26 Iringa haina timu katika Ligi Kuu.

Mwaka 2021 Azam Media ilitia saini mkataba wa miaka 10 wenye thamani ya zaidi ya shilingi bilioni 225. Hapana shaka mkataba huo uliziokoa klabu nyingi na njaa. Lakini kila fedha inayogawiwa kwa kufuata nafasi huipandisha bei nafasi yenyewe, na kitu kilichopanda bei hupata wanunuzi.

Serikali iliwahi kuona hatari ya mauzo. Simba ilipotaka kumpokea Mohamed Dewji mwaka 2017, iliamriwa kwamba wanachama wabaki na asilimia 51 na mwekezaji apate 49. Kanuni hiyo inazilinda klabu za wanachama, yaani hasa Simba na Yanga ambazo hakuna angethubutu kuzihamisha Kariakoo. Klabu iliyo mali ya mtu au kampuni haiguswi nayo, na klabu za namna hiyo ndizo zihamazo.

Singida Black Stars ilimaliza ya nne msimu wa 2024/25 na kupata tiketi ya Kombe la Shirikisho Afrika. Watu wa Singida wana haki ya kufurahi, kwani nao walikuwa wamepoteza timu. Mbeya City ilirudi Ligi Kuu msimu wa 2025/26, wakati KenGold ya Chunya, timu ya wachimba dhahabu, ikishuka baada ya msimu mmoja tu. Huko Ubaruku, anayetaka kuitazama nafasi iliyopatikana kwa jasho la kwao huitazama katika televisheni, na jina lililoandikwa juu ya kioo si lake.