Kabla Ulaumu Jiko, Mwaga Majivu

Wasee, kuna kitu umekitumia ama umekiona kwa mlango wa jirani, na hakuna mwalimu wa historia aliwahi kutuambia kilitoka wapi. Jiko la makaa. Lile la kiuno chembamba, bati nje, udongo ndani. Mimi nasema hivi: ni kati ya vitu vya maana sana vimewahi kutengenezwa Nairobi, na wengi wetu tunalitumia vibaya kwa sababu hatujui mafundi waliliundia nini.

Turudi nyuma kidogo. Reli ilianza Mombasa 1896, ikafika Nairobi 1899. Inasimuliwa kwamba vibarua walioletwa kutoka India kuijenga ndio walikuja na jiko la bati. Lilikuwa bati tupu. Unawasha makaa, bati lote linashika moto, na joto jingi linapotelea pembeni badala ya kuenda kwa sufuria. Nairobi ilipika hivyo miaka mingi.

Agosti 1981, Umoja wa Mataifa ulifanya mkutano mkubwa wa nishati hapa hapa Nairobi, na suala la kuni na makaa likawa moto. Miaka hiyo, wabunifu kama Maxwell Kinyanjui walichukua wazo kutoka Thailand, ambako watu walipikia jiko la umbo la ndoo lenye udongo ndani. Wazo likapelekwa kwa mafundi wa jua kali, pale Shauri Moyo.

Hapo ndio utamu uko. Ndoo ya Thailand ilikuwa na udongo kutoka juu mpaka chini, kwa hivyo ilikuwa nzito. Jiko letu likawekwa udongo juu tu, pale moto unakaa. Chini likaachwa bati, chumba cha hewa na majivu. Hicho kiuno si urembo, ndicho kinashikilia udongo usishuke.

Sasa ona vile linafanya kazi. Hewa inaingia kwa ule mlango mdogo wa chini, inapanda kwa mashimo ya udongo, inafikia makaa. Udongo unazuia joto lisitoroke. Ukifungua mlango, moto unapanda. Ukifunga nusu, unatulia, na githeri inaiva polepole bila kumaliza mkebe mzima wa makaa. Ukilitumia hivyo, linaokoa kama theluthi moja ya makaa ama zaidi, ukilinganisha na lile la bati tupu.

Lakini wengi hatumwagi majivu. Yakijaa chini, hewa haipiti. Moto unazubaa, unapuliza mpaka kichwa kinauma, halafu unasema fundi alikuuzia takataka. Mwaga majivu kila siku kabla ya kuwasha, jiko likiwa baridi. Zibua mashimo na kijiti, pole pole, usigongegonge. Na usiwahi kumwagia maji jiko la moto ndio lizime haraka, udongo utapasuka. Majivu nayo hakikisha yamepoa kabisa kabla hujayatupa kwa pipa la plastiki, maana kaa dogo linaweza kujificha humo masaa mengi.

La mwisho si la mchezo. Makaa yakiwaka hutoa hewa ya sumu, kaboni monoksaidi, na haina harufu wala moshi wa kukuonya. Hata jiko likiwa safi, hiyo sumu haiishi. Usilale nalo ndani ya bedsita ati kwa sababu ni Julai na kuna baridi. Washia nje, pika dirisha likiwa wazi, na usiku litoe nje.

Kitu kinanifurahisha zaidi ni kwamba jiko hili liliachwa wazi, fundi yeyote angeweza kuliiga. Ndio maana limesambaa Tanzania, Uganda, Rwanda, Ethiopia, mpaka Ghana. Ubaya wake ni kwamba hata anayetumia udongo mbovu anaiga, kwa hivyo ukinunua, angalia nyufa kwanza na uhakikishe udongo umeshika vizuri kwa bati.

Tunapenda kusema hapa kwetu hatuvumbui kitu. Mafundi wa Shauri Moyo walichukua wazo la mbali wakalifanya letu, na Afrika ikaiga. Kwenu je, jiko mlilonalo limeishi miaka mingapi, na ni nani humwaga majivu?