Honi ya Pikapu Kuukuu

Msomaji, labda umepata kuiona pikapu ya zamani iliyokwanguliwa kutu, ikapakwa rangi mpya hata ikang'aa. Lakini dereva abonyezapo honi, haisikiki sauti yoyote. Wengi hukimbilia kununua honi nyingine. Yafaa kwanza tuiulize historia.

Huko Uingereza, sheria ya mwaka 1865 iliamuru kwamba gari liendalo kwa nguvu za mashine litanguliwe na mtu aendaye kwa miguu, yadi 60 mbele, mwenye bendera nyekundu mkononi. Mwaka 1896 sheria nyingine iliyaondolea magari mepesi sharti la kutanguliwa na mtu, lakini ikaagiza kila gari liwe na kengele au chombo kingine cha kuwaonya watu. Basi twaona kwamba honi si pambo. Ilishika nafasi ya mtu aliyetembea mbele ili wenzake wasiumie.

Miller Reese Hutchison, Mmarekani aliyekuwa amekwisha kubuni chombo cha umeme cha kuwasaidia wasiosikia vizuri, ndiye aliyebuni pia honi ya umeme iitwayo Klaxon, iliyoanza kuuzwa mwaka 1908. Ndani yake gurudumu lenye meno lilikwaruza kiwambo cha chuma. Baadaye gurudumu liliachwa, ikatumika sumaku ya umeme. Sumaku huvuta kiwambo. Kiwambo kikivutwa, ncha mbili zipitishazo umeme huachana. Umeme ukikatika, kiwambo hurudi, na ncha hugusana tena. Jambo hilo hutendeka mara mamia kwa sekunde moja, nasi husikia mlio.

Sasa tutazame pikapu za Chevrolet zilizoundwa Marekani tangu mwaka 1947 hadi mwanzoni mwa 1955, zenye betri ya volti 6. Waundaji wake hawakutandaza waya wa pili wa kurudisha umeme kutoka kwenye honi hadi kwenye betri. Waliufanya mwili wa gari wenyewe kuwa njia ya kurudia. Kwa hiyo kutu, au ile rangi mpya iliyopakwa hata chini ya honi, huifunga njia hiyo.

Basi ifungue honi, uiunge kwenye betri moja kwa moja kwa nyaya mbili. Ikilia, honi ni nzima. Kwangua rangi na kutu kwa msasa mahali chuma cha honi kinapokutana na chuma cha gari, kisha uifunge. Ikiwa bado i kimya, ufuate waya ushukao kutoka kwenye kitufe cha usukani, kwa maana kitufe nacho hufanya kazi kwa kuuunganisha waya huo na mwili wa gari. Na ikiwa honi hugonga mara moja tu ikanyamaza, zisafishe zile ncha mbili, uizungushe skrubu yake kidogo kidogo mpaka ilie vema.

Wahenga walisema, vyote ving'aavyo usidhani dhahabu. Aliyeipaka rangi pikapu ile aliyafurahisha macho ya watazamaji, lakini aliinyamazisha bila kujua. Mtoto avukaye barabara, aliyelipa gari kisogo, haioni rangi hiyo. Yeye hungoja sauti.