Shino: Weupe Uliopotea Mino

Kwa vizazi kadhaa wapenzi wa vyombo vya chai nchini Japani waliamini kwamba mabakuli meupe ya Shino yalifinyangwa Seto, mji wa wafinyanzi ulio karibu na Nagoya. Wajuzi walisema hivyo, wauzaji nao wakasema hivyo. Aliyekuja kulipindua jambo hilo alikuwa mfinyanzi, na kilichomwamsha ni kibonge cha udongo kisichozidi ukucha.

Arakawa Toyozo alizaliwa mwaka 1894 Tajimi, katika nchi iliyoitwa Mino zamani, ambayo leo ni kusini mwa mkoa wa Gifu. Aprili 1930 alikuwa Nagoya kwa maonyesho ya msanii Kitaoji Rosanjin, ambaye Arakawa alikuwa akimfanyia kazi. Huko akapata nafasi adimu ya kulishika bakuli la kale la Shino lenye mchoro wa chipukizi la mwanzi. Akaligeuza. Ndani ya kitako chake palikuwa pamegandia udongo mwekundu uliobaki tangu siku lilipochomwa. Mtu aliyekulia Mino hakuhitaji kuambiwa kwamba udongo ule haukuwa wa Seto. Siku chache baadaye alikuwa milimani kwao, mahali panapoitwa Mutabora, karibu na Kani, akipekua magofu ya tanuri la kale. Humo akaokota kigae cha Shino chenye mchoro kama ule wa chipukizi la mwanzi.

Historia ya ufinyanzi wa Japani ikabidi iandikwe upya, na ni kwa sababu mtu mmoja alitazama chini ya bakuli.

Shino ilizaliwa mwishoni mwa karne ya 16, zama za Momoyama, wakati sherehe ya chai ilipokuwa na heshima kubwa kwa watawala na matajiri. Wafinyanzi wa Mino walisaga jiwe la feldispa, wakalikoroga kwa maji, wakachovya bakuli na kulichoma polepole. Glezi, yaani ule utando wa kioo unaofunika chombo, ilitoka nene na nyeupe, yenye vitundu kama ngozi ya chungwa. Mahali ilipokaa nyembamba, hasa kwenye ukingo, wekundu hujitokeza, na Wajapani huuita rangi ya moto. Chini ya weupe huo walichora kwa brashi, wakitumia udongo wenye chuma: nyasi, uzio, mianzi. Michoro yenyewe ni ya haraka, mistari michache tu, na uzuri wake uko katika jinsi glezi inavyoimeza nusu na kuiacha nusu. Bakuli liitwalo Unohanagaki, linalotunzwa katika Makumbusho ya Mitsui jijini Tokyo, ni miongoni mwa mabakuli mawili tu ya chai yaliyotengenezwa Japani yenye hadhi ya hazina ya taifa.

Kisha Shino ikazimika. Mwanzoni mwa karne ya 17 lilifika Mino tanuri jipya la vyumba vingi, lililojengwa likipanda mteremko. Tanuri hilo lilichoma vyombo vingi kwa mpigo mmoja, na biashara ikafurahi. Lakini glezi ya feldispa inataka moto wa muda mrefu na kupoa taratibu, mambo ambayo tanuri hilo halikuyapa nafasi. Mitindo nayo ikageuka, vyombo vya kijani vya mtindo wa Oribe vikashika soko, na ujuzi wa Shino ukafa pamoja na waliokuwa nao.

Arakawa alijenga tanuri lake Mutabora mwaka 1933. Hakuwa na mwalimu wala maandishi ya kumwongoza, ila vigae alivyovifukua na majivu aliyoyapata baada ya kila uchomaji. Mwaka 1955, Japani ilipoteua kwa mara ya kwanza mafundi wa sanaa za jadi wanaoitwa hazina hai za taifa, jina lake lilikuwamo.

Anayenivutia zaidi, hata hivyo, ni aliyemfuata. Suzuki Osamu alizaliwa mwaka 1934 Toki, hukohuko Gifu, na alijifunza glezi katika maabara ya kiwanda cha vyombo alikofanya kazi baba yake. Alipoishika Shino, aliichoma kwa gesi. Kwa kazi ambayo sifa yake yote ilikuwa imefungamanishwa na kuni na tanuri la kale, huo ulikuwa uamuzi mzito. Nauona pia kuwa uamuzi wa mtu aliyeielewa glezi yenyewe, kwa maana feldispa haijui jina la kinachowaka. Inajua joto, muda na hewa iliyomo tanurini, na gesi humpa mfinyanzi uwezo wa kuvishika vyote vitatu. Mwaka 1994 naye akateuliwa hazina hai kwa ajili ya Shino.

Mabakuli yake hayaigi ya Momoyama. Pande zake zimekatwa kwa nguvu, glezi imelala nene juu ya mikato hiyo, na wekundu unapasua weupe kwa ujasiri ambao wazee wa Mino hawakuuthubutu.